Kipele Nyuma ya Sikio

1

Siku yangu ya kwanza ya uongozi nilijikuna mpaka nikatoka damu, na walionisababishia ni watu walionisalimu vizuri.

Nilisimama mlangoni mwa karakana ya Kituo cha Kwekidimu nikiwa na ovaroli mpya, redio mpya kiunoni, na nyuma ya sikio la kulia kile kidude ambacho makao makuu walikiita Kibainishi cha Kauli. Mafundi wangu walikwisha kukibatiza jina la kipele kabla hata sijajifunza kukivaa. Kilikuwa kidogo, sawa na punje ya dengu, na kazi yake ilikuwa moja: mtu akisema jambo ambalo mwenyewe anajua silo, kinawasha. Ukweli ni upi, hakisemi. Kinawasha, kinatulia, na wewe kiongozi unabaki na akili zako.

Wa kwanza kuingia alikuwa Sempombe, fundi wa nyavu, macho mekundu, shati amelivaa ndani nje.

"Habari za asubuhi, Sempombe?"

"Nzuri kabisa, bosi."

Kikawasha.

Nyuma yake akaja Mzee Hoza, mshika winchi wetu, mtu aliyekuwa kazini pale tangu mimi niko shule ya msingi. Nikampa shikamoo yake, akaipokea, na hapo hapakuwasha kitu. Nikamuuliza za nyumbani.

"Za nyumbani salama, mwanangu, hatujambo wote." Kikawasha. Mzee akavuta pumzi, akaendelea, "Ila mama yenu kalazwa tangu juzi, presha imepanda. Na paa la jiko limeondoka na upepo."

Sasa huyo kadanganya wapi? Ndivyo tunavyosalimiana sote. Nzuri inatangulia, halafu mabaya yanaletwa polepole, msikilizaji akiwa keshaketi. Lakini waliotengeneza kipele walisahau kukifundisha adabu, nacho kikanichoma kwa kila nzuri, kila salama na kila safi ya asubuhi ile, mpaka nyuma ya sikio pakavimba.

Wa mwisho alikuwa Zaituni Kaoneka. Mimi na Zaituni tulipanda milingoti pamoja tangu tukiwa wanagenzi, kamba yangu mkononi mwake na yake mkononi mwangu. Kituo kizima kiliamini kwamba cheo kikitoka kitakuwa chake, na mimi niliamini hivyo hivyo. Kilipotoka na jina langu, Asinati Shemhilu, nilikosa usingizi kwa furaha na kwa aibu.

Akanikumbatia kwa nguvu. "Hongera, Asi wangu. Nimefurahi kuliko wewe mwenyewe."

Kikawasha kama upupu.

Nilitabasamu huku najikuna. Palepale nilikata shauri kwamba shoga yangu ananionea kijicho, nikalibeba shauri hilo kiangazi kizima bila kumuuliza neno. Kumbe ningeuliza tu.

2

Kazi yetu pale mlimani ilikuwa kukamua mawingu. Ukungu ulipoanza kupanda kutoka mabondeni, tulirusha vishada, na si vile vya watoto: nyavu pana kama kiwanja cha mpira, zimetandazwa juu ya fito nyepesi, zinapaa huku zimefungwa kwa kebo kwenye mlingoti wa chuma. Ukungu unagota kwenye nyavu na kuwa matone, matone yanateremka ndani ya mpira uliopita katikati ya kebo, yanajaza matangi, na kutoka kwenye matangi maji yanashuka kwa mabomba mpaka Mombo na Korogwe. Kiangazi kikikaza, watu wa huko hawana maji mengine. Jioni Mzee Hoza anawasha winchi, kebo inapita kwenye kapi, lile gurudumu lililoko kileleni mwa mlingoti, na kishada kinarudi nyumbani.

Kapi likikorofisha lazima mtu apande. Kanuni inasema kabla hajapanda, kiongozi amtazame usoni amuulize, "Uko tayari?" Akijibu na kipele kikawasha, hapandi, na jina lake linakwenda makao makuu Dodoma siku hiyohiyo. Msidhani ni kanuni ya watu wabaya. Katika kituo kimoja cha kusini fundi alijibu "hamna shida" na kizunguzungu anacho, akapanda, mikono ikaachia. Kipele kilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yule, na mimi nilipokabidhiwa changu niliapa kwamba hatakufa mtu chini yangu. Nia yangu ilikuwa njema. Sema nia njema ukiipa kitu cha kuwasha nyuma ya sikio, inapata kiburi haraka.

Ilianza na Sempombe. Asubuhi moja tulimngoja na nyavu zimelala chini, nikampigia kwenye redio.

"Niko njiani, bosi! Nimeshafika kona ya msikitini."

Nikajikuna. Wote walikuwa wananitazama, nami nikabonyeza redio nikasema kwa sauti ya mtu anayejua yote, "Sempombe, hebu toka kitandani."

Karakana nzima ilicheka. Nilisikia raha, tena raha nyingi, ile ya mwalimu aliyemkamata mwanafunzi anaibia mtihani. Sempombe alifika akiwa amenyamaza, akafanya kazi akiwa amenyamaza, na akaondoka hivyo hivyo.

Kisha mchana mmoja tulikuwa tunakula. Pale Kwekidimu tunakula sinia moja, mafundi wote, na Mzee Hoza ndiye mwenye hadithi. Siku hiyo alikuwa anasimulia jinsi alivyokutana na chui shambani akampiga kofi. Chui huyo tulimjua sote. Kila mwaka alikuwa anaongezeka urefu. Mzee alipofika pale chui anaporudi nyuma na kumwomba msamaha, mkono wangu ukaenda nyuma ya sikio wenyewe. Sikusema kitu, nilijikuna tu.

Mzee aliuona mkono. Akanyamaza katikati ya sentensi, akanawa, akaenda kukaa kwenye winchi yake. Chui yule hajaomba msamaha mpaka leo, na kosa ni langu.

3

Watu si wajinga. Mkiwawekea ukuta watatafuta upenyo, na upenyo waliupata kwenye Kiswahili chenyewe.

Nadhani mvumbuzi alikuwa Sempombe, kwa sababu yeye ndiye niliyemsikia kwanza. Nilimsalimu, "Habari za asubuhi?" naye akanijibu kwa uso mkavu kabisa, "Za kwako je, bosi?"

Kipele kimya. Kitawasha nini? Swali halina uongo.

Siku zilizofuata ugonjwa ukaenea. Nikiuliza "Hamjambo?" napata "Tunamshukuru Mungu." Nikiuliza nyavu zimeshonwa, napata "Kwani zimeonekana zimechanika?" Nikiuliza nani kaacha bomba wazi, napata "Ah, bosi, dunia hii." Lakini mfalme wa majibu yote alikuwa ni hili: "Kama unavyotuona." Unaendeleaje, fundi? Kama unavyoniona. Kazi vipi? Kama unavyoiona. Hakuna mashine duniani ya kupata uongo ndani ya sentensi ile, na hakuna binadamu wa kupata habari ndani yake.

Nyuma ya sikio pakapona. Ngozi ikarudi laini. Bwana Mapunda, mkuu wa vituo vyote, akanipigia kutoka Dodoma akiwa na furaha. "Asinati, kituo chako ndicho chenye ukweli kuliko vyote nchini. Hakuna muwasho hata mmoja! Wenzako nawaambia waje wajifunze kwako."

"Asante sana, mkuu."

"Unawafanyaje?"

Nikakumbuka kwamba naye anavaa chake, tena cha toleo jipya. Nikasema, "Ah, mkuu, ni kushirikiana nao tu au vipi?" Na mimi tayari nilikuwa nimejifunza lugha ya nyumbani.

Ukweli ni kwamba sikujua lolote. Sikujua mke wa Mzee Hoza anaendeleaje. Sikujua kwa nini Zaituni ameanza kunywa chai kwa mkono wa kulia tu, yeye mtu wa shoto, mkono wa kushoto umelala mapajani. Niliona, lakini nikajiambia ni maringo, au ni kijicho kile kimeota mizizi. Mchana nikitokea kwenye sinia, mazungumzo yanakatika na kinachosikika ni vidole kwenye ugali. Nilijua walikuwa wananisengenya. Na kwa nini wasinisengenye? Kumsengenya bosi ndiyo kitoweo cha sinia, mimi mwenyewe nilikuwa hodari wa kazi hiyo nikiwa upande wao. Nilichokikosa ni kwamba sasa hakukuwa na mtu wa kunifuata pembeni baadaye na kuniambia, "Asi, hapa umekosea."

Nikaanza kula ofisini. Wali ule ule na maharage yale yale, lakini haukuwa na ladha.

4

Dhoruba ilikuja mwezi ambao dhoruba haziji. Setilaiti ilitupa taarifa asubuhi, upepo ungefika mchana, nasi tukaanza kuteremsha vishada. Cha kwanza kikarudi. Cha pili kikarudi. Cha tatu kilifika nusu ya safari kikagoma, winchi ikalia, Mzee Hoza akaizima kabla haijaungua.

"Kebo imeruka nje ya kapi!" alipiga kelele. "Imekaba pembeni. Siwezi kuvuta wala kulegeza."

Tuliinua macho. Mawingu ya upande wa mashariki yalikuwa meusi, na kishada kilikuwa kinatikisika juu ya mashamba ya watu. Tukikata kebo, nyavu na fito zake zingeanguka kwenye nyumba za mteremkoni, na mabondeni wangepoteza theluthi ya maji yao katikati ya kiangazi. Tukikiacha, upepo ungekata wenyewe na matokeo yangekuwa yaleyale. Ilibaki njia moja: mtu apande mlingoti wa tatu, arudishe kebo kwenye kapi kwa mkono.

Hapakuwa na ubishi ni nani. Zaituni alikuwa keshavaa mkanda wa usalama. Mafundi walisogea karibu. Nikamtazama usoni kama kanuni inavyotaka.

"Zaituni Kaoneka, uko tayari?"

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Kama unavyoniona."

Kipele kimya. Kwa mujibu wa kanuni alikuwa amejibu, hapakuwasha, apande. Hakuna ambaye angenilaumu. Sempombe alikuwa keshamkabidhi kulabu, na Mzee Hoza keshaweka mkono kwenye breki. Nami ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu nilimtazama kama alivyosema, na nilichokiona ni mwanamke aliyeshika kulabu nzito kwa mkono mmoja, mkono usio wake wa kazi.

"Njoo," nikamwambia.

"Asi, upepo huo."

"Njoo mara moja."

Nikamvuta nyuma ya tangi la maji. Kule nikaingiza ukucha nyuma ya sikio, nikakibandua kipele na ngozi yangu kidogo, nikamwonyesha kiganjani.

"Vaa."

"Nivae nini? Mimi si kiongozi."

"Vaa, nataka unisikilize mimi."

Alisita, kisha akainama, nikambandika. Akashtuka kidogo kwa baridi yake. Nikaanza kusema haraka, kwa sababu nilijua nikitulia nitaanza kuchagua maneno.

"Naogopa tangu siku ya kwanza. Sijui kuongoza watu, najua kupanda mlingoti. Sempombe nilimwaibisha nikafurahi. Mzee Hoza nilimkatisha hadithi yake na sijamwomba radhi. Wewe nilidhani unanionea kijicho, nikakununia kiangazi chote. Na cheo hiki mimi wala sikukitaka."

"Ai!" Zaituni akaruka, mkono nyuma ya sikio. "Kimewasha!"

Tulitazamana. Akaanza yeye kucheka, kwa mbali, mdomo umefumba. "Ulikitaka, mwenzangu."

"Nilikitaka," nikasema. "Nilikitaka sana. Nilijipaka mafuta siku ya usaili."

"Hapo hakijawasha." Akafuta jicho. "Basi na mimi nikuambie. Sikufurahi siku ile, ni kweli. Lakini kijicho cha nini, Asi? Nilijua tu kwamba nimekupoteza. Nilijiuliza, sasa nitamsengenya bosi na nani?"

Upepo ukapiga bati la karakana. Nikamshika mkono wa kulia, ule mzima.

"Na huo mwingine una nini?"

Akaupapasa ule mkono wa kushoto. "Bega. Tulipokuwa tunavuta kamba, kiangazi kikianza. Halipandi juu ya kichwa. Nikilala naliegemeza kwenye mto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Zamani nikimwambia Asi, kasikia Asi. Sasa nikimwambia Asi, imesikia kampuni. Wangenishusha Korogwe kwenye pampu, joto lile, na mama yangu yuko hapa juu."

"Na leo ungepanda?"

"Ungenikataza mbele ya watu wote, wote wangejua. Basi ningepanda." Akautazama mlingoti. "Ningejaribu."

Sikuwa na kipele cha kuniambia kama ni kweli. Nilisikia baridi tu, kwa kujua kwamba sentensi moja tamu, isiyo na uongo hata chembe, ilikuwa inamtoa rafiki yangu duniani, nami nikiwa nimefuata kanuni zote.

"Vua mkanda," nikamwambia. "Napanda mimi. Wewe utakaa na redio na utaniongoza, mimi na kituo kizima."

"Wewe hujapanda tangu upewe ofisi."

"Ndiyo maana utaniongoza."

5

Tulipotoka nyuma ya tangi mafundi waliona mkanda kiunoni mwangu na kipele sikioni mwa Zaituni. Mzee Hoza peke yake ndiye aliyeguna, na sikujua ni guno la aina gani.

Nilipanda. Mwili ulikumbuka nusu ya kazi na nusu nyingine ukasahau. Ngazi za chuma zilikuwa na umande, upepo ulinisukuma kutoka kila upande, na kila nilipotazama chini Zaituni alikuwa anazidi kuwa mdogo huku sauti yake kwenye redio inabaki ileile.

"Mguu wa kulia kwanza. Usiharakishe. Funga kulabu. Umefunga?"

"Nimefunga."

"Haya, twende."

Kileleni nililiona kapi. Kebo ilikuwa imejibana kati ya gurudumu na bamba lake, imekaza, inatoa mlio mwembamba. Nilichomeka mtaimbo nikasukuma. Haikusogea. Nikasukuma tena mpaka mabega yakatetemeka, mtaimbo ukateleza, nusura unipige kidevu.

"Asi?" redio ikaita. "Vipi huko?"

Chini kulikuwa na watu wangu wote, vichwa juu. Mimi ndiye bosi wao. Nikabonyeza redio nikatuliza sauti.

"Niko sawa. Naweza mwenyewe."

Ikaja sauti ya Zaituni, kali, ya kituo kizima kusikia. "Muongo wewe! Kinaniwasha huku! Acha mtaimbo, kumbatia huo mlingoti kwa mikono yote miwili, usiguse kitu."

Nilikumbatia. Jamani, sijawahi kufurahi kugundulika namna ile. Machozi yalinitoka na upepo ukayafuta. Nilipotulia kidogo nikabonyeza redio tena, nikasema neno ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ile ya ovaroli mpya.

"Siwezi peke yangu. Nahitaji mtu."

"Hapo sawa," Zaituni akasema. "Nani anapanda?"

Sauti iliyojibu ilitokea karibu na miguu yangu kuliko nilivyotarajia. "Niko njiani, bosi."

Nikatazama chini. Ni Sempombe, alikuwa ameshapita nusu ya ngazi bila kutumwa na mtu, mtaimbo wa pili mgongoni.

"Ni kweli," Zaituni akathibitisha, "yuko njiani." Nikasikia watu wanacheka kule chini, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nianze kula ofisini.

Tulisukuma wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, Zaituni akituhesabia. Mzee Hoza alilegeza breki kwa kiasi ambacho sisi huku juu tulikisikia kwenye nyayo zetu. Kebo ikanyanyuka, ikasita, ikaangukia ndani ya kapi kwa kishindo. Winchi ikaanza kuvuta. Kishada cha tatu kikapita juu ya vichwa vyetu kinamwaga maji, tukalowa chapachapa, Sempombe akapiga kelele ya mtu aliyefunga bao. Tulikuwa tumeshateremka na kufunga milango ndipo dhoruba ilipofika na kupiga mlima.

6

Tulikaa karakanani tunaisikiliza. Mtu aliwasha jiko, mtu akaleta sufuria ya chai ya tangawizi, mtu akakumbuka sinia lilikuwa halijaguswa. Nilikaa chini na wenzangu. Nikamwomba Mzee Hoza radhi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomkosea, nikamuuliza mama anaendeleaje. "Karudi nyumbani, ila chumvi kakatazwa, na mimi ndiye ninayenuniwa," akasema, na akaanza kueleza kwa kirefu.

Redio kubwa ya ukutani ikaita. Ilikuwa Bwana Mapunda.

"Asinati! Nimeona taarifa ya upepo. Vishada?"

"Vyote viko ndani, mkuu. Hakuna aliyeumia leo. Lakini nina fundi ambaye bega lake limeumia tangu kiangazi kianze, tulikuwa hatujui. Ni Zaituni Kaoneka. Namtoa kwenye milingoti kuanzia sasa. Naomba abaki hapa kama mwongozaji wa chini, maana kazi hiyo ameifanya leo na bila yeye nisingerudi mzima."

Zaituni aliacha kutafuna.

"Hilo tutalitazama," Mapunda akasema. "Lakini mbona hukupata muwasho? Kifaa chako kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi sana, mkuu. Ila sikivai mimi tena. Anakivaa Zaituni, na anayesikilizwa ni mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kanuni hairuhusu hivyo, Asinati. Kiongozi ndiye anayesikiliza."

"Kiangazi chote nimesikiliza, mkuu, na nyuma ya sikio langu pametulia kabisa. Leo karibu nimpoteze mtu ambaye hakuniambia uongo hata mmoja."

Alipumua kwa nguvu. Nilimwonea huruma, na yeye ana wakubwa wake, na pengine wote wanajikuna. "Nitakuja huko Jumatatu," akasema hatimaye. "Mwenyewe. Tuzungumze, na hicho kifaa nikikute sikioni mwako."

"Karibu sana, mkuu."

Nikamsikia, wazi kabisa, anajikuna.

Karakana ilipasuka kwa kicheko, nami nikazima redio haraka kabla hajasikia yote. Jumatatu ilikuwa yake na ningeipokea ikifika. Huenda angeniondoa. Nilishangaa kwamba wazo hilo halikuniharibia chai.

Watu walirudi kwenye sinia na kelele zao. Nilimsogelea Zaituni, ambaye alikuwa amekaa peke yake pembeni na kikombe, mkono wa kushoto mapajani. Alikuwa amekivua kipele, amekiweka juu ya sanduku la vifaa, mbali na masikio yetu wote wawili. Nilijua ningemuuliza nini na niliogopa jibu, kwa sababu kiangazi kizima nilikuwa nimepewa majibu laini tu.

"Bega likoje?"

Akanitazama mimi, akatazama redio ya ukutani, akanitazama tena.

"Linauma," akasema. "Linauma sana, Asi."

Nilimpokea kikombe, nikamfunga kanga yangu shingoni kuushika ule mkono, na mvua ilipopungua nikampeleka zahanati mwenyewe.